Shati Moja Kwanza: Kuanzisha Chapa ya Nguo Ukiwa Lamu

Ukishuka jeti ukaifuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea mtaa wa Langoni, sauti ya cherehani haikuachi. Mafundi tunao, tena hodari. Tulichokikosa ni nguo ambayo mtu akiiona Nairobi, Unguja au Maskati ataishika pindo aseme, "Hii ya fulani wa Lamu." Hiyo ndiyo chapa. Haianzi na nembo kwenye mfuko wala ukurasa wa Instagram. Inaanza siku mteja anaporudi kuitaka nguo ile ile, kwa jina lake.

Mwongozo huu namwandikia mtu mwenye mtaji mdogo, tuseme shilingi 50,000 hadi 60,000, mwenye cherehani yake au fundi anayemwamini. Nafuata njia niliyoipita mwenyewe, pamoja na mahali nilipojikwaa. Shauri langu kubwa ni hili: toa nguo ya aina moja. Ishone, iuze, irekebishe, ishone tena. Usifungue na mashati, madera, makoti ya vikoi na mikoba kwa pamoja. Kila aina ina kitambaa chake, saizi zake na makosa yake, na mtaji mdogo hauwezi kulipia makosa ya aina nne kwa wakati mmoja.

1. Chagua nguo ambayo Lamu ina neno juu yake

Usishindane na mtumba kwa bei, wala na kanzu za kiwandani zinazoingia kutoka Uarabuni na Uchina. Hapo umeshindwa kabla hujatunga uzi. Jiulize ni kitu gani kinachofanyika hapa ambacho kiwanda hakikiwezi.

Mimi jibu nililipata kichwani mwa marehemu babu: kofia ya vito, yaani ya darizi ya vitundu. Kofia ile hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, barazani na uani, na watu waliojifunza wakiwa wadogo. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi, nyingine miezi. Nikaanza na shati jeupe la pamba, lisilo na kola, lenye ukanda wa mshono wa kofia kifuani, kulia na kushoto mwa vifungo. Si kofia na si kanzu, lakini Mwamu, mtu wa Lamu, akiliona anaujua mkono.

Wewe huenda ukaona jambo jingine. Labda koti la kike la vikoi viwili, au gauni la leso ambalo jina, yaani yale maneno, limekaa mgongoni zima bila kukatwa. Hilo la jina nalisisitiza, maana fundi mwenye haraka hupitisha mkasi katikati ya maneno, na leso iliyochaguliwa kwa usemi wake ikabaki na nusu ya usemi.

Kipimo changu ni chepesi. Shona mfano mmoja, uuvae harusini, msikitini na sokoni. Watu watatu wasiojuana wakikuuliza, "Umeshonesha wapi?", una nguo. Wakikwambia "imekupendeza" tu, hiyo ni hisani yao, endelea kutafuta.

Kisha amua unamshonea nani. Watu wa mji hununua kwa Idd, Maulidi na harusi, na wanajua bei ya kila kitu. Wageni wa Shela, kijiji jirani cha watalii, hununua wakiwa likizoni, lakini hawapo mwaka mzima. Kundi la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: Wapwani walio mbali na nyumbani, Nairobi, Ghuba na Ulaya. Hao hununua miezi yote, hawahitaji kuelezwa vito ni nini, na wakiridhika huwaambia ndugu zao. Chagua kundi moja liwe la kwanza, kwa sababu bei, saizi na picha zote zitalifuata.

2. Kifue kitambaa kabla ya kukikata

Hapa ndipo nilipopoteza fedha nyingi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Mzigo wangu wa kwanza nilinunua jora zima la pamba nyeupe, laini, ya bei nzuri. Nikampelekea fundi siku ile ile, akakata mashati 18. Mwezi haujaisha, mteja wa kwanza akarudi amelishika shati lake, mikono imepanda hadi juu ya kifundo. Alilifua mara mbili tu. Kitambaa kilikuwa kimerudi, yaani kimenywea. Nilirejesha fedha za mashati 11, na yaliyobaki nikayagawa kwa watoto wa nyumbani.

Tangu hapo nafanya hivi. Nanunua mita moja kwanza. Nakata kipande cha sentimita 50 kwa 50, nakifua mara tatu kama wanavyofua watu, yaani kwa sabuni ya unga, kukamua na kuanika juani, kisha nakipiga pasi na kukipima. Kikisoma 47, kimerudi asilimia 6, na shati la urefu wa sentimita 75 litapoteza karibu sentimita 4 na nusu. Kitambaa kinachorudi si lazima ukikatae. Kifue chote kwanza, ukauke, ndipo ukate. Kitambaa cha rangi kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Cheupe kikitoka na rangi, hicho kinachuja, kiache dukani.

Pa kununua, wengi wetu tunategemea Mombasa, Mtaa wa Biashara kwa leso na vikoi, au Eastleigh kule Nairobi kwa majora ya kawaida. Pamba ya Kenya inafumwa Eldoret kwa Rivatex na Thika kwa Thika Cloth Mills. Ukifikia kununua kwa wingi, waulizie. Inaniuma kidogo kila nikikumbuka kuwa pamba inalimwa hapa hapa kwetu, Mpeketoni, halafu kitambaa tunakifuata kwa basi na kukivusha kwa mashua kutoka Mokowe. Weka nauli ya mzigo, mashua na hamali katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Kitambaa cha mzigo mmoja kitoke katika jora moja. Hata nyeupe hutofautiana: mwili wa shati ukitoka jora hili na mikono jora lile, juani itaonekana.

Na usisahau hewa yetu ya chumvi. Vifungo vya chuma hushika kutu na kuacha doa, pini vivyo hivyo. Tumia vifungo vya kifuu cha nazi au vya plastiki nzuri, na nguo zilizokamilika usizifungie kwenye mifuko ya nailoni wakati wa masika, zitaota ukungu.

3. Sampuli

Kabla ya kugusa kitambaa cha kweli, shona kwa marikani. Ni bei nafuu na haina utelezi, kosa linaonekana. Chora vipande kwenye karatasi ngumu ya kaki, andika saizi na tarehe juu ya kila kipande, na usikubali fundi akate kwa macho hata kama ana miaka 30 kazini. Jicho lake ni zuri kwa mteja aliyesimama mbele yake. Wewe unamshonea mtu ambaye hutamwona.

Saizi tatu zatosha kuanzia. Mpe sampuli mtu wa kila saizi aivae wiki nzima, si kwa dakika mbili mbele ya kioo. Avute kamba ya mashua nayo. Aswali nayo. Shati langu la kwanza lilikuwa zuri kwa aliyesimama, lakini kwenye sijida lilipanda na kuacha kiuno wazi. Nikaongeza sentimita 5 nyuma na mpasuo pembeni, na leo wateja wengi hulitaja jambo hilo kabla hata ya darizi.

4. Fundi na akina mama wa darizi

Na fundi wa cherehani patana kwa nguo, si kwa siku, na muandikiane: bei ya mshono, idadi, tarehe, na nani anabeba hasara ya nguo iliyoharibika. Mwachie sampuli iliyokubaliwa iwe ndiyo hakimu mkibishana.

Kazi ya mkono ina adabu yake. Nilipompelekea mama mmoja ukanda wa kwanza nilimwambia nautaka kesho kutwa. Akaniangalia, akaurudisha mapajani mwangu. "Mwanangu, ukitaka haraka nenda kwenye mashine," akasema. "Na ukitaka mkono, niambie siku ambayo hutanisumbua." Nikamwambia, "Haya mama, sema wewe siku." Tangu hapo tarehe zinawekwa na wanaoshona, nami napanga kazi kwa kuzifuata.

Walipe taslimu siku wanapokabidhi kazi, hata kama shati halijauzwa. Mtume ametufunza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kibiashara pia ndivyo inavyofaa: fundi aliyesubirishwa hukushonea baada ya wengine wote. Ukimlipa mama shilingi 200 kwa kazi ya jioni nne, kisha ukaandika "kazi ya mikono ya akina mama wa Lamu" kwenye picha, unakula jina lake bila kulilipia. Usifanye hivyo.

5. Bei, bila kujidanganya

Hii ni hesabu ya shati moja. Tarakimu ni za mfano; ziondoe uweke zako.

Kitambaa mita 2 kwa shilingi 350, ni 700. Uzi, vifungo na lebo, 120. Fundi wa cherehani, 500. Darizi ya mkono, 900. Nauli na hamali, 60. Mfuko, 30. Jumla 2,310. Wengi huishia hapo, wakauza 2,800, wakaamini wamepata karibu 500. Hawakupata.

Katika kila mashati 10, moja litaharibika, litapata doa au litarejeshwa. Weka 230 kwa ajili hiyo. Nawe umesafiri, umepima, umepiga pasi na kujibu simu usiku. Weka 360 za ujira wako. Gharama ya kweli imefika 2,900. Bei ya jumla, ya kuwauzia wenye maduka, iwe 3,600, upate 700 za kukuza kazi. Maduka mengi ya wageni hutaka theluthi ya bei ya mezani, kwa hivyo rejareja iwe 5,400: duka likitoa 1,800 yake, wewe unabaki na 3,600 zako.

Ukiuza mwenyewe, uza kwa 5,400 hiyo hiyo. Anayeuza kwa 3,800 barazani kwake ilhali shati lile lile linaning'inia Shela kwa 5,400, amelidhulumu duka, na duka halitamchukulia tena. Ndugu na marafiki watataka kupunguziwa. Amua kiwango kimoja cha jamaa, na kisishuke chini ya bei ya jumla.

Kwa mzigo wa kwanza mashati 20 yatosha: 5 madogo, 9 ya kati, 6 makubwa. Kwa hesabu yetu ni shilingi 46,200 kutoka mfukoni. Kinachobaki cha mtaji kikae, usikimalize kwa kibao cha duka.

6. Jina na karatasi

Chagua jina ambalo mtu anaweza kulitaja kwenye simu na mwenzake akaliandika sawa bila kuuliza. Usitegemee neno "Lamu" peke yake. Jina la mahali ni la wote, na kwa kawaida sheria ya alama za biashara haikubali mtu mmoja alihodhi. Liunganishe na neno lako.

Watu huchanganya mambo mawili. Kusajili jina la biashara, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kunakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, lakini hakumzuii mwingine kulishona kwenye nguo zake. Ulinzi wa alama unatolewa na KIPI, taasisi ya mali ya viwandani iliyoko Nairobi. Nguo, viatu na kofia zimo katika daraja la 25 la orodha ya bidhaa. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na likisajiliwa hulindwa miaka 10, kisha huhuishwa. Mimi ningefanya la jina la biashara kabla ya mzigo wa kwanza, na alama baada ya wa pili au wa tatu, fedha zikionekana. Lakini tafuta mapema kama alama inayofanana imeshasajiliwa, usije ukachapisha lebo 500 za jina la mtu.

Si jambo la mbali na sisi. Karibu miaka ishirini iliyopita kampuni ya Uingereza iliomba kusajili "kikoy" kuwa alama yake huko. Watu wa Kenya na marafiki zao walilipinga ombi lile hadi likaachwa. Na upande wa pili, angalia leso za Mombasa: Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara mwaka 1887, na mpaka leo mama zetu hutafuta "K.H.E. Mali ya Abdulla" pembeni mwa leso kabla ya kutoa fedha. Lebo yako iwe hivyo, ndogo, mahali pamoja kila nguo, na iandikwe nyuma yake kitambaa ni nini na kifuliwe vipi.

Utahitaji pia leseni ya biashara ya kaunti na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Ukiuzia hoteli, jiandae kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Tangu mwanzo wa 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haihesabiwi katika kodi yao, kwa hivyo mhasibu wao ataikataa risiti ya mkono hata mwenye hoteli awe amelipenda shati kiasi gani.

7. Hesabu msimu kwa kurudi nyuma

Wageni huwa wengi Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Aprili hadi Juni ni masika na kusi kali, na baadhi ya hoteli hufunga milango. Maulidi ni Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), mji unajaa watu na kila mwanamume anataka kanzu na kofia mpya. Kumbuka huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na Idd vivyo hivyo.

Akina mama wanne, kila mmoja akimaliza kazi ya mashati 2 kwa wiki, wanakupa 8. Mashati 20 ni wiki tatu. Kununua kitambaa, kukivusha na kukifua ni wiki moja, cherehani wiki moja. Hizo tano, ongeza mbili za maradhi, misiba na bahari chafu. Kwa hivyo mzigo wa katikati ya Desemba unanunuliwa kitambaa mwisho wa Oktoba. Miezi ya kusi nayo ni ya sampuli na ya kuwauzia walio mbali.

8. Kuuza

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nguo inayoonekana kwenye simu kabla ya kushikwa, nasema kizuri nacho kipelekwe. Piga picha alfajiri au baada ya alasiri, kwenye ukuta mweupe, jua letu la mchana huua weupe wa pamba. Toa picha tatu kwa kila nguo: imevaliwa, darizi kwa karibu, na upande wa ndani wa mshono, maana hapo mnunuzi mjuzi ndipo anapotazama. Andika bei wazi na vipimo kwa sentimita. "Njoo inboksi" hufukuza wateja kuliko bei kubwa. Anayevaa nguo kwa picha aombwe ruhusa, na mlango wa mtu uombwe pia.

Pokea malipo kwa namba ya biashara, Pochi la Biashara au till ya M-Pesa, isiwe ile unayopokelea fedha za nyumbani. Agizo la kushonewa maalumu lisianze bila arubuni ya nusu.

Na mali kauli, yaani kuliachia duka nguo likulipe zikishauzwa? Duka moja lilichukua mashati 8 kwa mtindo huo. Baada ya miezi mitatu 5 yalirudi yamegeuka rangi mabegani kwa jua na vumbi, na fedha za yale 3 nilizipata vipande vipande. Sikuacha mali kauli, lakini sasa siweki zaidi ya robo ya mzigo, na tunaandikiana: idadi, bei, siku ya kuhesabu, na kwamba nguo iliyoharibika dukani imenunuliwa na duka.

9. Daftari, na mzigo wa pili

Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kurasa mbili lafaa: kushoto kilichotoka, kulia kilichoingia, kila jioni. Ongeza safu moja ya sababu za nguo kurejeshwa, na majina ya saizi zilizokwisha kwanza. Mzigo wangu wa pili uliamuliwa na safu hiyo. Nilipunguza madogo nikaongeza makubwa, na nikahamisha kifungo cha juu.

Katika kila mzigo toa nguo moja isiuzwe. Ifunge kwa kitambaa safi na karafuu chache, na ndani uweke kipande cha jora, risiti ya duka, bei ya fundi na tarehe. Ukienda Mombasa kununua jora jingine, chukua kile kipande, kiweke juu ya kitambaa kipya nje ya duka, juani, kabla hujalipa.